Ekstano ya kompyuta ya nyumbani: ninunue ipi na niisetije?

bintiwapwani

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela ya ekstano, yani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, hizi Dell used zinazoletwa kutoka nje, ina Windows 10 na hadidiski ya 500GB, sasa imejaa mpaka ule mstari wa C umekuwa mwekundu na kuwaka kwenyewe ni mpaka ibembelezwe. Humo ndani kuna picha zote za familia, video ya harusi ya dada, makaratasi ya shule ya wadogo zangu, na kubwa kuliko yote kuna rekodi za mzee. Mzee alikuwa na kaseti za kaswida za madrasa yetu na taarab za zamani, kaka akakaa akazihamisha moja moja kwa waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta, ni kaseti mia na kitu. Kaseti zenyewe nyingine utepe umeshagandana, hazirudiwi tena. Kwahiyo zikipotea humo ndo zimepotea kabisa.

Nimezunguka hapa Tanga mjini, duka moja wanasema HDD ya 1TB laki moja na sabini, SSD ya 1TB inazidi mara mbili ya hapo. Alafu mtandaoni nimeona mtu anauza SSD ya 16TB kwa elfu sitini na analeta mpaka nyumbani. Nichukue ipi? Na nikishanunua naanzia wapi, maana naogopa kubonyeza kufomati nikafuta vitu. Mimi sio mtaalamu jamani, nielekezeni taratibu.

fundi_wa_chuda

Dada nianze na hiyo ya 16TB maana ndo ya hatari. Usinunue. Hata akikupa kwa elfu ishirini usinunue. Ukiifungua hiyo boksi ndani unakuta memori kadi ndogo kama ya simu imebandikwa kwenye kibao chenye USB, na ile chipu inayoongoza imechezewa ili iidanganye kompyuta kwamba ina 16TB wakati labda ina 64GB tu. Ubaya wake haikatai. Unakopi, mstari wa kijani unatembea mpaka mwisho, majina ya faili unayaona yote, ila nafasi ya kweli ikishaisha kila unachoweka kinaandikwa juu ya cha zamani au kinapotea hewani. Unakuja kufungua wiki ya pili picha zinaanza kugoma. Watu wanaletewa hizi vitu wanalia, na hapo hakuna cha kurudisha kwasababu data haijawahi kuandikwa popote. SSD ya kweli ya ukubwa huo inahesabiwa kwa mamilioni.

Sasa HDD au SSD. HDD ni ile yenye sahani inayozunguka ndani, SSD ni chipu tupu haina kinachozunguka. Kwa matumizi uliyosema, yani kuweka vitu vikae, mimi nachukua HDD. SSD inaenda spidi na ikidondoka haina kitu cha kuvunjika ndani, kwa mtu anayeediti video akitembea nayo kwenye begi ningemwambia SSD moja kwa moja. Lakini yako itakaa nyumbani, na SSD iliyoachwa kabatini miaka bila umeme sio mahali pa kuamini, kumbukumbu yake inashikiliwa na chaji na chaji inavuja polepole, hasa ikishatumika sana na kwenye joto kama letu. HDD ukiiweka vizuri inavumilia zaidi kukaa. Na kwa hela ile ile unapata nafasi kubwa.

Kitu kingine watu hawajui: duniani sasa hivi wanaotengeneza HDD ni watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Kwahiyo ukikuta ekstano ya HDD ina jina la ajabu ujue ndani kuna diski ya mmoja wa hao watatu, na mara nyingi ni diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani ikavalishwa kava jipya. Sio lazima iwe mbovu, ila usilipe bei ya mpya.

Chukua ile ndogo ya inchi 2.5, hiyo inajilisha umeme kwa USB. Zile kubwa za inchi 3.5 zinataka adapta yake ya ukutani, umeme ukikatika katikati ya kukopi inazima hapo hapo.

Mzaramo_Og

Nakazia hapo kwa fundi. Mimi naongeza kwenye dukani: dai risiti yenye serial namba, alafu kabla hujaweka hata picha moja ipime. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, unaifungua ekstano ikiwa imechomekwa, juu inakuandikia Good, Caution au Bad. Angalia pia Power On Hours, hiyo ni masaa ambayo diski imewahi kuwaka tangu izaliwe. Mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na sifuri, ukikuta elfu nane ujue umeuziwa mtumba. Alafu shuka chini kwenye mistari ya 05, C5 na C6, hizo ndo sehemu za diski zilizokufa au zinazokaribia kufa, zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri. Usishtuke ukiona herufi kwenye namba za mwisho, yenyewe inaandika kwa heksa, yani hesabu inayochanganya namba na herufi, unaingia Function, Advanced Feature, Raw Values, unachagua 10 DEC inakuwa namba za kawaida.

Ukitaka uhakika wa ukubwa tumia H2testw. Inaijaza diski nzima kwa mafaili yake ya 1GB alafu inayasoma tena kuona kama yamerudi vile vile. Kwa 1TB kwenye USB 3 jiandae masaa sita hivi kuandika na kusoma, kwahiyo iache usiku. Inakera kusubiri lakini ndo njia pekee ya kumkamata muuza feki ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha mzigo.

bintiwapwani

Asanteni sana kaka zangu, ile ya 16TB nimeshaifuta hata kwenye kichwa. Nimechukua Toshiba ya 1TB HDD jana jioni, risiti ninayo na garanti ya mwaka. Sasa nimechomeka hapo mbele ya kompyuta inawasha taa, inatoa kamlio tik tik alafu inazima taa, inarudia tena. Kwenye This PC haitokei. Nimeuziwa mbovu?

fundi_wa_chuda

Tulia kwanza usiirudishe. Matundu ya mbele kwenye hizi kompyuta za zamani yanaunganishwa kwa waya mrefu ndani na mara nyingi umeme wake hautoshi. USB 2 kwa kanuni inatoa 500mA tu, USB 3 inatoa 900mA, na diski ya kuzunguka pale inapoanza kuzunguka ndo inavuta umeme mwingi. Ikikosa, inajaribu, inaanguka, inajaribu tena, ndo hiyo tik tik unayosikia. Zunguka nyuma ya kompyuta, chomeka moja kwa moja kwenye ubao, bila hub (kigawanyo cha USB) na bila waya wa kurefusha. Ukiona tundu la bluu ndani chomeka hilo, hiyo ndo USB 3. Na ule waya ulionunua nayo ndo utumie, wenye kichwa kipana kilichogawanyika.

Ikiendelea kugonga hata nyuma, na kwenye kompyuta ya jirani pia inagonga, hapo rudisha siku hiyo hiyo wala usianze kuipima.

bintiwapwani

Fundi ubarikiwe, nyuma imekubali! Hailii tena, imetulia taa ya bluu. CrystalDiskInfo inasema Good, masaa 0, na hizo 05, C5 na C6 zote sifuri. Ila sasa This PC inaonyesha 931GB sio 1TB, nimepunjwa? Na nifomati au niiache ilivyo?

kasuku_wa_data

Hujapunjwa dada. Kiwandani wanahesabu 1TB kuwa baiti trilioni moja kamili, Windows yenyewe inagawanya kwa 1024 mara tatu lakini bado inaandika GB, ndo inatoka 931. Ni nafasi ile ile. Ingekuwa imeandika 800 ningekwambia uliza.

Kufomati: bonyeza kulia kwenye hiyo diski, Properties, angalia imeandikwa nini kwenye File system, yani mpangilio diski inaotumia kuhifadhi faili. Ikiwa NTFS iache hivyo hivyo, anza kazi. Ikiwa exFAT mimi ningeibadilisha iwe NTFS sasa hivi ikiwa tupu. Sababu yangu ni umeme. NTFS ina daftari ndani yake, kila inachotaka kubadilisha kwenye mpangilio wa faili inakiandika kwanza humo, kwahiyo umeme ukikatika katikati ikiwaka inajua ilikuwa imefika wapi na inajirekebisha. exFAT haina hiyo kitu. Kwa mji ambao umeme unakatika bila taarifa hiyo tofauti ni kubwa. FAT32 usiiguse kabisa kwenye hii, haipokei faili linalofika 4GB, video ya harusi itagoma.

Namna ya kufomati bila kuogopa. Chomoa fleshi zote na memori kadi, ibaki ekstano peke yake. Bonyeza kitufe cha Windows na X, chagua Disk Management. Utaona Disk 0 ambayo ndo ya ndani, ya 465GB hivi, hiyo hata usiiguse kwa mausi. Yako itakuwa Disk 1 ya 931. Tumia ukubwa kuitambua, usitumie herufi maana herufi zinabadilika. Bonyeza kulia kwenye ile sehemu yake, Format, NTFS, acha Default, jina ipe kitu kinachoeleweka kama BAKAPU_NYUMBANI, acha tiki ya Quick. Sekunde chache imeisha. Kama ingekuja tupu kabisa ikakuuliza MBR au GPT (namna mbili za kugawa diski) ungechagua GPT, ila yako inaonekana imeshaandaliwa tangu kiwandani.

Mpemba_Mtulivu

Mimi napingana kidogo hapo kwenye NTFS. Siku akiwa na mgeni mwenye Mac, ile Mac itasoma NTFS lakini haiandiki. exFAT inaingia kote.

kasuku_wa_data

Sawa kaka, ila mwenye mada ana Windows tu na hii diski sio ya kutembezwa. Mgeni apewe fleshi. Diski yenye rekodi za mzee haitakiwi kuingia kwenye mashine ya mgeni hata iwe Mac ya bei gani.

bintiwapwani

Imekuja na NTFS, nimeiacha, na H2testw niliiacha usiku kucha asubuhi imesema haina kosa. Sasa nikiyakata mafaili yote nikayapesti huko C itapumua si ndio?

mwalimu_kompyuta

Binti yangu ngoja hapo kwanza, usikate chochote. Nimesoma tangu juu nikaona wenzangu wamekuelekeza vizuri kwenye kununua lakini hili ndo lenyewe. Ukiyakata kule ukayaweka huku bado una nakala moja tu, imehama chumba. Siku ekstano ikiteleza mezani ikagonga sakafu rekodi zimekwenda, na HDD ya kuzunguka inaweza kufa kwa kuanguka kidogo tu ikiwa inawaka, kile kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, kikigusa kinakwangua. Kufufua data ya diski iliyokwanguka kunataka chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake unanunua ekstano nyingi.

Kuna kanuni aliyoieneza mpiga picha wa Marekani anaitwa Peter Krogh, wanaiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Nyumba ya kawaida haiwezi kufanya hivyo kwa kila kitu, na wala haihitaji. Gawa vitu vyako. Filamu na programu ulizodaunlodi, hizo zikipotea utazipata tena, kata peleka ekstano au futa kabisa, na nina hakika C yako itapumua kwa hizo peke yake. Picha, makaratasi ya shule na rekodi za mzee hizo unakopi, zibaki kwenye kompyuta na ziwepo kwenye ekstano.

Sasa hizo rekodi. Kaka yako amezihifadhi kwa aina gani, WAV (sauti kamili isiyobanwa) au MP3 (iliyobanwa ikawa ndogo)? Kama ni WAV ya kiwango cha CD, kaseti ya saa moja ni kama MB 635, kwahiyo kaseti mia na kumi ni kama GB 70. Hiyo inaingia vizuri kwenye fleshi ya 128GB, nunua moja ya jina, iweke nakala ya tatu, kampe dada aliyeolewa akae nayo kwake. Alafu tengeneza na toleo la MP3 la 192kbps, hapo saa moja inakuwa kama MB 86, zote pamoja hazifiki GB 10, na akaunti ya bure ya Google inakupa GB 15. Sio lazima upandishe siku moja, kila ukipata bando la usiku unapandisha folda mbili tatu. WAV usizifute, hizo ndo mama, MP3 ni ya kusikilizia tu.

bintiwapwani

Mwalimu shikamoo. Ni WAV, nimeangalia folda nzima ina GB 68. Yani kwa hesabu yako umeikaribia kabisa. Dada yuko Muheza nitampelekea fleshi. Kwenye kukopi kuna njia nzuri au ndo kukopi na kupesti tu?

Mzaramo_Og

Kukopi na kupesti inafaa mara ya kwanza, ila GB 68 ikikatika katikati hujui imefika wapi. Tumia robocopy, ipo ndani ya Windows tayari. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika

robocopy D:\Rekodi E:\Rekodi /MIR

badilisha herufi ziwe za kwako. Ikikatika unaandika tena inaendelea na zilizobaki tu.

mwalimu_kompyuta

Hapana, hiyo /MIR mwondolee huyu binti. Maana yake ni huku kufanane na kule kabisa, kwahiyo mdogo wake akifuta folda kwenye kompyuta kwa bahati mbaya, siku ya kurudia amri nayo ekstano inafuta ya kwake. Na ukikosea ukageuza herufi mbili zile, diski tupu inakuja kufutia iliyojaa. Atumie /E badala yake, inakopi kila kitu na folda za ndani na haifuti chochote:

robocopy D:\Rekodi E:\Rekodi /E

Ikimaliza inatoa jedwali chini, mstari wa Files angalia safu ya FAILED, inatakiwa sifuri. Alafu bonyeza kulia kwenye folda zote mbili, Properties, linganisha idadi ya mafaili na baiti. Mwisho fungua rekodi tatu nne kwenye ekstano, moja ya mwanzo, moja ya katikati, moja ya mwisho, sikiliza mpaka mwisho wake.

Mzaramo_Og

Sawa mwalimu, kwa mtu wa nyumbani /E ni salama zaidi, nakubali.

fundi_wa_chuda

Nimalizie na matunzo. Ukimaliza kukopi bonyeza ile alama ya kutoa USB salama, subiri isimame kuzunguka, ndo uchomoe. Usiiache imechomekwa siku zote. Kuna virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, vikiingia kwenye kompyuta vinafunga na kila diski iliyochomekwa, iliyo kabatini haviifikii. Kabati lenyewe liwe mbali na dirisha, hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, tia kwenye mfuko unaofunga pamoja na kile kipakiti cha silika kinachokuja na viatu.

Na tafadhali isiende steshenari kuprinti. Kule ndo kuna kile kirusi kinachoficha folda zako na kuweka shotikati, watu wanadhani vitu vimefutika wanafomati wenyewe wakati vilikuwepo vimefichwa tu. Ukija kukutana nacho kwenye fleshi, scan kwanza na antivairasi, alafu cmd: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* vitarudi kuonekana. F iwe herufi ya hiyo fleshi.

bintiwapwani

Nimemaliza kukopi, FAILED sifuri, idadi zimelingana. Filamu za wadogo zangu zimehama C imebaki na nafasi ya kutosha. La mwisho jamani, mzee anataka kusikiliza kaswida kwenye sabufa ya sebuleni, nimchomekee hii ekstano?

kasuku_wa_data

Usichomeke. Tundu la USB la sabufa umeme wake mdogo utarudi kule kule kwenye tik tik, na nyingi hazisomi NTFS wala WAV kubwa kubwa. Chukua fleshi ya 16GB, ifomati FAT32, tia zile MP3 alizokwambia mwalimu. Zipange kwa folda, kaseti moja folda moja, na majina yaanze na namba, 001, 002, maana sabufa haina skrini ya kuonyesha jina na mzee atakuwa anahesabu kwa kubonyeza rimoti. Mwandikie na karatasi: folda ya 1 ni kaseti gani, ya 2 ni gani, mpaka mwisho, na hiyo karatasi ipige picha uihifadhi kwenye ekstano pamoja na rekodi, kwasababu majina ya waimbaji na mwaka anayajua mzee, kwenye faili za WAV hayapo.